Daftari lisilofutika bado linahitaji shahidi mwadilifu

  

Ndugu Waislamu, hapa Pito na katika uwanda wote wa Ufipa, mkulima wa mahindi na maharage hukutana siku hizi na daftari la kidijitali karibu katika kila hatua ya maisha yake. Mbolea ya ruzuku huipata kwa namba aliyosajiliwa. Laini ya simu huisajili kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Ada za Serikali huzilipa kwa namba ya kumbukumbu inayotolewa na mfumo. Taarifa zake za mpiga kura zimo katika kompyuta za Tume ya Uchaguzi tangu uandikishaji wa mwaka 2015 uliochukua alama za vidole na picha. Na sasa vijana wetu, hususan wale waliopitia vyuo vikuu, wanazungumzia hatua nyingine, yaani teknolojia iitwayo blokucheni, ambayo watetezi wake wanadai kwamba itakomesha rushwa serikalini, wizi wa kura na ulaghai wa fedha, kwa kuwa kilichoandikwa humo hakifutiki.

Madai hayo ni makubwa, nayo yanagusa mambo matatu ambayo dini yetu imeyapa uzito usiokuwa na shaka: amana, ushahidi na mali za watu. Kwa hiyo haitufai kuyapokea kwa kushangilia wala kuyakataa kwa woga. Inatupasa tuyapime. Na rai ninayoitetea katika safu hii ni kwamba chombo hiki kinaweza kuhifadhi kilichoandikwa, lakini hakiwezi kushuhudia kwamba kilichoandikwa ni kweli. Kazi ya ushahidi imebaki juu ya wanadamu, na jamii itakayoiachia mashine kazi hiyo itajikuta imeufanya uongo kuwa wa kudumu.

Blokucheni ni kitu gani?

Tuanze kwa kukifahamu chenyewe. Blokucheni ni daftari, ila linatofautiana na daftari la karani kwa mambo mawili. Kwanza, halikai mahali pamoja. Nakala zake hukaa katika kompyuta nyingi, na maandishi mapya hayakubaliwi mpaka kompyuta hizo ziafikiane kwa kanuni maalumu. Pili, kila ukurasa hubeba muhuri wa kihesabu unaotokana na ukurasa uliotangulia, hivyo mtu akibadili tarakimu moja katika ukurasa wa nyuma huvuruga mihuri ya kurasa zote zinazofuata, na hila yake ikajulikana. Utaratibu huo ulielezwa mwaka 2008 katika waraka uliotolewa kwa jina la Satoshi Nakamoto, mtu au watu ambao mpaka leo hawajathibitika ni nani, na mwezi Januari 2009 ukaanza kutumika kwa sarafu ya Bitcoin.

Fikra hii ya kuandika, kutia muhuri na kutawanya nakala si ngeni kwa Muislamu. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, inaagiza deni la muda maalumu liandikwe, liwe dogo au kubwa. Sayyidna Umar bin Al-Khattab (RA) ndiye aliyeanzisha diwani, yaani orodha ya Serikali ya majina ya watu na stahiki zao kutoka hazina. Sayyidna Uthman bin Affan (RA) alipotaka kuulinda umma dhidi ya hitilafu, alinakilisha Msahafu na kuzipeleka nakala katika miji mikubwa, ili mji mmoja usiweze kuzua lisilojulikana na mingine.

Lakini tutazame kwa makini jinsi wema waliotangulia walivyoifanya kazi hiyo. Aya ile haikuishia katika kuandika. Inataka mwandishi mwadilifu, inataka mwenye kudaiwa ndiye atamkishe deni lake, inataka mashahidi, na inawakataza mashahidi wasikatae wanapoitwa. Nakala za Sayyidna Uthman nazo, kama zinavyosimulia riwaya mashuhuri, ziliandamana na wasomaji wa kuwafundisha watu. Maandishi na mtu mwaminifu vilikwenda pamoja.

Mfano ulio bayana zaidi ni elimu ya Hadithi. Mwanafunzi yeyote aliyekaa madrasa akasoma istilahi za Hadithi anajua kwamba isnadi ni mnyororo, na kwamba kuungana kwa mnyororo huo ni sharti moja tu miongoni mwa masharti matano ya Hadithi sahihi. Maulamaa walitaka pia kila mpokezi awe mwadilifu, awe na hifadhi madhubuti, na riwaya iwe haipingani na ya waaminifu zaidi wala haina kasoro iliyofichika. Wakaandika mijaladi mizima juu ya tabia za wapokezi. Mnyororo ulioungana barabara, ukiwa na mwongo mmoja ndani yake, waliuhukumu kuwa dhaifu au wa kubuni. Kipimo hicho ndicho tutakachokitumia kuipima mifumo ya leo.

Daftari la Serikali

Mkulima wa Ufipa ameshauona mfano huo kwa macho yake. Kati ya mwaka 2008 na 2014 Serikali iligawa ruzuku ya pembejeo kwa vocha za karatasi, na mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, Rukwa ikiwemo, ilikuwa miongoni mwa walengwa wakuu. Utafiti uliofanywa mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba takribani asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa zilikwenda katika kaya zenye viongozi wa vijiji waliochaguliwa. Katika hali kama hiyo vocha yenyewe huwa halali, muhuri halali na orodha imejazwa kikamilifu. Kasoro imo katika swali la nani aliandikwa humo, na nani alikuwa na mamlaka ya kuandika.

Tarehe 8 Agosti 2022, katika kilele cha Nane Nane mjini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku mpya ya mbolea kwa mfumo wa kidijitali. Mkulima anasajiliwa katika kijiji au mtaa wake, anapewa namba, na wakala wa mbolea hawezi kuuza kwa bei ya ruzuku bila kuihakiki namba hiyo. Maendeleo yaliyomo hapo hayafichiki. Vocha ya karatasi iliweza kuuzwa njiani, ilhali namba iliyofungamana na jina na simu huacha alama ya kila mfuko uliochukuliwa, na mkaguzi akitaka anaweza kuifuata alama hiyo mpaka kwa wakala. Asiyeshukuru hatua hiyo hana insafu.

Pamoja na hayo, tuulize alichouliza mwanachuoni wa Hadithi: ni nani aliyeko mwanzoni mwa mnyororo? Mtu anayelima ekari mbili akiandikwa ana ekari kumi, mfumo utazihifadhi ekari kumi. Marehemu akibaki katika orodha, mfumo utampangia mifuko. Mjane anayelima mwenyewe shamba lake, lakini likasajiliwa kwa jina la shemeji kwa sababu shemeji ndiye mwenye simu, mfumo utamtambua shemeji. Tukilihamisha daftari hilo kutoka seva ya Serikali kwenda katika blokucheni yenye nakala elfu moja, tutakuwa tumepata nakala elfu moja za kosa lile lile, na kulisahihisha kutakuwa kugumu zaidi kuliko mwanzo.

Jambo hili lina uzito zaidi katika ardhi. Zipo nchi zilizojaribu kuweka hati za ardhi katika teknolojia hii, na wapo wanaotamani nasi tufanye hivyo kwa hati za hakimiliki za kimila zinazotolewa kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Nasema tufanye subira. Katika familia nyingi mirathi haijagawiwa tangu babu afariki, mayatima wanalelewa na baba zao wadogo, na mpaka wa shamba unajulikana kwa mti na kwa kauli ya wazee. Ukiiandika dhuluma hiyo katika daftari lisilofutika kabla ya kuisuluhisha, umempa dhalimu hati ya milele. Kadhi au hakimu anapobatilisha uandikishaji wa hila, lazima pawe na mlango wa kulisahihisha daftari, na kila marekebisho yaonekane yamefanywa lini, na nani, na kwa amri ipi.

Dawa yake ipo na wala haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Orodha isomwe hadharani. Sheria zetu za Serikali za mitaa zinataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Orodha ya wanufaika wa ruzuku ikibandikwa katika ofisi ya kijiji au mtaa na kusomwa mkutanoni, jirani anayeijua ekari ya jirani yake atasema. Hao ndio mashahidi waliotajwa katika aya, na hakuna kompyuta inayoweza kushika nafasi yao.

Daftari la kura

Katika uchaguzi, majirani zetu Wakenya wametutangulia katika matumizi ya mashine, na yaliyowapata ni darasa kwetu. Katika uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 vifaa vya kutambua wapiga kura vilishindwa kufanya kazi katika vituo vingi, na katika matokeo ya awali idadi ya kura zilizoharibika ilionekana kubwa kupita kiasi, kwa kuwa, kama tume yao ilivyoeleza baadaye, kompyuta ilikuwa ikiizidisha mara nane. Ikabidi warudi kwenye fomu za karatasi.

Mwaka 2017 waliingia kwenye uchaguzi wa tarehe 8 Agosti na mfumo mpya wa kusafirisha matokeo. Shauri lilipofika Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga, mahakama iliiamuru tume ifungue seva zake zikaguliwe. Tume haikutekeleza amri hiyo kikamilifu, na tarehe 1 Septemba 2017 majaji wanne dhidi ya wawili wakaubatilisha uchaguzi wa rais. Hilo lilikuwa la kwanza kutokea barani Afrika. Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba mashine iliyoletwa ili iaminiwe, wenyewe walipoombwa waionyeshe, walisita.

Kisha mwaka 2022 wakafanya jambo jepesi zaidi. Tume iliweka katika tovuti yake picha za fomu za matokeo kutoka vituo 46,229, fomu za karatasi zilizotiwa saini na mawakala, na yeyote mwenye simu akaweza kuzijumlisha mwenyewe. Wananchi, vyombo vya habari na vyama walijumlisha. Shauri lilifunguliwa tena, na tarehe 5 Septemba 2022 mahakama ile ile ikayathibitisha matokeo. Teknolojia iliyosaidia siku hiyo haikuwa ngumu hata kidogo: ilikuwa picha ya karatasi na mlango uliofunguliwa kwa wote.

Kuhusu blokucheni yenyewe, msomaji huenda amesikia kwamba Sierra Leone ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupiga kura kwa njia hiyo, mwezi Machi 2018. Habari hiyo ilienea ulimwenguni, na haikuwa kweli. Kampuni moja ya kigeni iitwayo Agora ilisajiliwa kama mwangalizi tu, ikanukuu matokeo ya baadhi ya vituo vya upande wa magharibi wa nchi katika mfumo wake. Kura zilipigwa kwa karatasi na kuhesabiwa kwa mkono, na tume ya Sierra Leone ililazimika kukanusha hadharani. Huko Marekani jimbo la West Virginia lilijaribu mwaka 2018 programu ya simu iitwayo Voatz, iliyotumia blokucheni, kwa wapiga kura wachache walioko nje ya nchi. Mwezi Februari 2020 watafiti wa chuo cha MIT walionyesha kwamba mvamizi angeweza kuibadilisha kura ndani ya simu kabla haijafika katika daftari hilo lisilofutika. Kwa mara nyingine kasoro ilikuwa mwanzoni mwa mnyororo.

Iko tofauti nyingine ambayo wengi hawaioni. Katika benki, wewe na mwenye benki mnajua nani alilipa nini, na kosa likitokea mnakaa mnalitazama. Kura ni siri. Mfumo unatakiwa uthibitishe kwamba kura yako imehesabiwa bila kumwonyesha yeyote ulimchagua nani. Na kura inayopigwa nyumbani kwa simu haina pazia. Mume anaweza kumsimamia mkewe, tajiri akamsimamia kibarua wake, na mnunuzi wa kura akadai aonyeshwe kabla hajalipa. Estonia, iliyoanza kura ya intaneti mwaka 2005, hupunguza hatari hiyo kwa kumruhusu mtu apige tena na kura ya mwisho ndiyo ihesabiwe. Hiyo ni nchi ndogo ambayo raia wake wana kitambulisho cha kidijitali na wameshazoea kukitumia kwa mambo yote. Ujerumani, ambayo haikosi wataalamu wa mashine, ilikwenda njia nyingine. Mwaka 2009 Mahakama yake ya Katiba ilihukumu kwamba mashine za kura zilizotumika mwaka 2005 zilikuwa kinyume cha katiba, kwa hoja kwamba raia wa kawaida lazima aweze kuzikagua hatua muhimu za uchaguzi bila kuwa na utaalamu maalumu.

Hoja hiyo ya Wajerumani naiona karibu sana na fikihi yetu. Shahidi hushuhudia alichokiona na kukielewa. Mzee wa Pito anaweza kushuhudia sanduku tupu likifungwa asubuhi, karatasi zikitolewa jioni, zikihesabiwa mbele yake na fomu kubandikwa ukutani. Hawezi kushuhudia kilichomo ndani ya seva, wala wakala wa chama hawezi, wala mimi siwezi. Kumwambia aamini kwa sababu wataalamu wamesema ni kumwondoa katika ushahidi na kumtia katika ukasuku.

Aidha, mifumo hii inategemea mtandao, na mtandao una mwenye funguo. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi wetu mkuu, mawasiliano ya intaneti yalikatika nchini kwa siku kadhaa. Lolote mtu atakalosema juu ya sababu zake, tukio hilo linatufundisha kwamba kura iliyotegemezwa kwenye intaneti peke yake inaweza kukosa njia ya kupita. Na hata mfumo ukiwa kamili, unahitaji mahali pa kuuhoji. Kenya waliweza kuamuru seva zifunguliwe kwa kuwa katiba yao inaruhusu matokeo ya rais kupingwa mahakamani. Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu inazuia mahakama kuchunguza matokeo ya rais yakishatangazwa. Wanaotuahidi blokucheni ya kura wangeanza na ibara hiyo, kwani ushahidi usiokuwa na hakimu wa kuusikiliza haumfikishi mwenye haki popote.

Atasema msemaji: karatasi nazo ziliibwa, masanduku yalijazwa, fomu zilibadilishwa. Ni kweli, na anayelikana hilo haijui historia. Ila kuiba karatasi kunahitaji mikono mingi katika vituo vingi, na penye mikono mingi hapakosekani mmoja atakayesema. Kuiba ndani ya mashine kunaweza kufanywa na wachache katika chumba kimoja. Kwa hiyo naona busara ni kuviunganisha: mashine imtambue mpiga kura asipige mara mbili, karatasi ibebe kura, mawakala watie saini, na picha ya kila fomu iwekwe hadharani siku ile ile.

Daftari la fedha

Hapa ndipo familia zetu zinapoumia zaidi, kwa sababu hatari haisubiri Serikali iamue. Inaingia nyumbani kupitia simu, na mara nyingi huja msimu wa mavuno, mkulima akiwa ametoka kuuza mahindi yake.

Tarehe 12 Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania iliwatahadharisha wananchi dhidi ya sarafu za kidijitali na kueleza kwamba matumizi yake yanakwenda kinyume na kanuni za fedha za kigeni. Mwezi Juni 2021, alipofungua jengo la Benki Kuu jijini Mwanza, Rais Samia aliitaka benki hiyo ijiandae kwa mabadiliko hayo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Wapo wanaowaambia watu kwamba, kwa kuwa inatozwa kodi, basi imeruhusiwa na inalindwa. Huo ni upotoshaji. Kutoza kodi ni jambo moja, na kumrudishia mtu fedha yake kampuni inapofilisika ni jambo jingine.

Maulamaa wa zama hizi nao hawakuafikiana. Mwanzoni mwa mwaka 2018 Mufti wa Misri wa wakati huo, Sheikh Shawki Allam, alitangazwa kuiharamisha Bitcoin kwa hoja za udanganyifu na madhara kwa uchumi. Baraza la Maulamaa la Indonesia mwezi Novemba 2021 liliharamisha kuitumia kama fedha, likaacha nafasi finyu ya kuiuza kama bidhaa yenye masharti. Baraza la Sharia la mamlaka ya dhamana ya Malaysia mwaka 2020 liliruhusu biashara yake katika masoko yaliyosajiliwa. Mimi si mwenye kuwaharamishia watu pale wanachuoni walipokhitilafiana, lakini wote hao wameafikiana juu ya kitu kimoja, nacho ni kwamba gharari, kamari na ulaghai ni haramu kwa jina lolote vitakavyovaa.

Na ulaghai umevaa sana jina hili. Kampuni ya OneCoin, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Ruja Ignatova, iliwauzia watu duniani, wakiwemo ndugu zetu wa Uganda, sarafu iliyodaiwa kuwa ya blokucheni. Waendesha mashtaka wa Marekani wanasema fedha zilizokusanywa zilizidi dola bilioni 4. Sarafu hiyo haikuwa na blokucheni ya kweli hata kidogo. Mwenyewe alitoweka mwaka 2017, na mwenzake Karl Sebastian Greenwood alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 2023. Sisi Watanzania tulikuwa tumeshaonja ladha hiyo bila kompyuta, mwaka 2009, pale DECI ilipowaahidi watu kupanda mbegu za fedha na kuvuna maradufu. Watu wa dini zote waliingia. Njia ilikuwa ile ile: faida ya aliyetangulia hutoka katika mfuko wa anayefuata, na anayefuata akikosekana wote huanguka.

Kwa hiyo kijana akikujia na habari za sarafu, muulize maswali manne. Kampuni ina leseni ya nani, na imeandikwa wapi? Faida inatoka katika biashara gani? Je, unatakiwa kuleta watu wengine ili ulipwe? Na fedha ikipotea, nitamshtaki nani na katika mahakama ipi? Akishindwa kujibu hata moja, zuia mkono wako.

Liko suala la mirathi ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Fedha iliyoko benki au katika simu, mwenyewe akifariki, warithi huifuata kwa hati za mahakama na kuipata. Mali iliyoko katika blokucheni hufunguliwa kwa ufunguo wa siri, na mwenyewe akifa nao bila kumwachia mtu, hakuna benki, hakimu wala Serikali inayoweza kuifungua. Mjane na mayatima wataiona ipo na hawataigusa. Muislamu aliyeingia katika mali hizo amejitwisha wajibu wa kuandika wasia, kueleza mali ilipo na namna ya kuifikia, na kuweka maelezo hayo kwa mtu wa amana mbele ya mashahidi. Madeni ya maiti na haki za warithi hazisamehewi kwa sababu ya nywila iliyosahaulika.

La kufanya sasa

Ndugu msomaji, mjadala wa teknolojia hizi usiachwe kwa wahandisi na wanasiasa peke yao. Yapo mambo ambayo kila familia inaweza kuyafanya kabla ya Ijumaa ijayo. Piga *106# utazame ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA, kwani laini usiyoijua inaweza kutumiwa kwa uhalifu kwa jina lako. Nenda ofisi ya kijiji au mtaa uhakikishe shamba lako limeandikwa kwa ekari zake za kweli na kwa jina la anayelilima, hasa kama ni mama mjane. Daftari la wapiga kura linapobandikwa kwa uhakiki, litazame, na ukiliona jina la marehemu, sema. Fahamu pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumiwaje na kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa.

Na kwa wenye mamlaka tunasema kwa heshima: leteni mifumo, tutaitumia na tutaishukuru. Lakini kila mfumo uje na mambo matatu. Uwe na karatasi au orodha inayoweza kusomwa na mtu asiyejua kompyuta. Uwe na mlango wa kusahihisha kosa bila kuficha kwamba lilikuwapo. Na uwe na hakimu anayeweza kuufungua. Mfumo uliokosa hayo, hata ukiitwa kwa jina la kisasa kiasi gani, unawataka watu waamini wasichoweza kukishuhudia.

Wema waliotutangulia walisafiri mwezi mzima kwa ngamia kwenda kuhakiki Hadithi moja kutoka kwa mtu mmoja, ilhali tayari walikuwa wameshaipata kwa maandishi au kwa kauli. Walijua kwamba ukweli hubebwa na watu, na watu huulizwa. Tunamuomba Allah (SW) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosimamisha ushahidi kwa uadilifu, hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu, na azilinde mali na amana za waja wake. Wabillahi tawfiq.